Ameumia au Ameumizwa?

Kila ifikapo Machi, mwezi ambao vyuo vikuu vya Marekani hukutana katika mashindano ya kitaifa ya mpira wa vikapu, maswali mawili hutawala mazungumzo ya wapenzi wa mchezo huo: Nani ameumia? Na nani atajaza nafasi yake? Siku hizi maswali hayo husikika hata katika mabweni yetu, ambako wanafunzi wa kike na wa kiume hufuatilia matokeo kwenye simu zao na kubishana juu ya vikosi vya vyuo ambavyo hawajapata kuvitia machoni. Sioni ubaya katika ubishi huo. Michezo ni sehemu ya elimu, na anayejifunza kukipima kikosi amejifunza kupima mambo. Hata hivyo, lipo swali la tatu ambalo husahaulika, nalo ndilo ninalotaka tuliulize leo, hasa sisi tuliokabidhiwa watoto wa watu: Je, mchezaji huyo ameumia au ameumizwa?

Kazi yangu ni isimu, na msomaji ataniwia radhi nikianza na sarufi. Kitenzi 'uma' kikinyambuliwa hutupa 'umia', 'umiza' na 'umizwa'. Anayesema kwamba mchezaji ameumia hamtaji mtendaji yeyote. Jambo limetokea, basi, kama jani linavyoanguka. Anayesema kwamba mchezaji ameumizwa anatulazimisha tuulize: Na nani? Kwa kutenda nini, au kwa kuacha kutenda nini? Taarifa za michezo huipendelea kauli ya kwanza kwa kuwa haimshtaki mtu. Sidai kwamba kila jeraha lina mkosaji wake. Ninachodai ni kwamba tumeizoea kauli moja hata pale ambapo ukweli unahitaji ile nyingine, na mazoea hayo yanawagharimu wasichana magoti yao.

Tuitazame mifano inayojulikana. Machi 24, 2025, Chuo Kikuu cha Southern California, USC, kilikuwa kikicheza na Mississippi State katika raundi ya pili ya mashindano ya kitaifa. Katika robo ya kwanza ya mchezo, JuJu Watkins, msichana wa miaka 19 ambaye msimu huo alitunukiwa tuzo za mchezaji bora wa vyuo nchini humo, alianguka akalishika goti lake la kulia. Kano ya ndani ya goti ilikuwa imekatika. Wenzake walijikaza wakashinda mchezo huo kwa alama 96 kwa 59, wakaivuka hatua iliyofuata, kisha wakatolewa na Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, kwa alama 78 kwa 64 katika mchezo wa kuwania nafasi ya nusu fainali. Septemba 2025 Watkins alitangaza kwamba msimu mzima wa 2025-26 ungempita akiwa nje ya uwanja.

UConn nao, waliowatoa USC, walikuwa wamepitia tanuri hilohilo. Paige Bueckers, msichana wa kwanza kutunukiwa tuzo ya shirika la habari la AP ya mchezaji bora wa mwaka akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alivunjika mfupa kwenye goti la kushoto Desemba 2021. Alirudi kabla msimu haujaisha, akaifikisha timu yake fainali. Agosti 2022 akakatika kano ya goti hilohilo, na msimu wote wa 2022-23 akautazama kutoka kwenye benchi. Mwenzake, Azzi Fudd, alikatika kano ya goti la kulia mwaka 2019 akiwa bado katika shule ya upili. Novemba 2023 ilikatika tena, safari hii mazoezini. Jana El Alfy, binti wa Misri, alikatika kano ya kisigino Julai 2023 akiichezea nchi yake katika mashindano ya dunia ya wasichana wasiozidi miaka 19, kabla hajaanza msimu wake wa kwanza chuoni. Januari 2024 ikawa zamu ya Aubrey Griffin, naye kwa goti. Hao ni wachezaji wa chuo kimoja tu, tena chuo chenye madaktari, wakufunzi wa viungo na vifaa ambavyo shule zetu haziwezi hata kuviota.

Kwa nini magoti? Ndani ya goti mna kano mbili zinazopishana mfano wa msalaba. Ile ya mbele ndiyo inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja, hasa mtu anapotua kutoka juu au anapogeuka ghafla. Kano hiyo ikikatika, bendeji na maji ya moto havifui dafu. Mchezaji anayetaka kurudi katika mchezo wa kuruka na kugeuka kwa kawaida hufanyiwa upasuaji, apandikizwe kano iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili, na baada ya hapo huja miezi tisa hadi kumi na miwili ya kujifunza upya kutembea, kukimbia na kuruka. Wataalamu wa tiba ya michezo wametuambia kwa miaka mingi kwamba wasichana huumia kano hii mara mbili hadi nane zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo uleule. Jambo la pili walilotuambia lina uzito zaidi kwa mwalimu: takriban majeraha saba katika kila kumi ya aina hii hutokea bila mchezaji kugongwa na mtu. Msichana huruka, hutua, goti hupinda kwa ndani, na kano hukatika.

Hapa ndipo wapo watakaodakia: Kama goti la msichana ni dhaifu, kwa nini tusimwache akae? Hoja hiyo ni kongwe na haina mashiko. Marekani ilipitisha mwaka 1972 sheria iliyoharamisha ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, na kutokana na sheria hiyo milango ya viwanja ikafunguka kwa wasichana. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliandaa mashindano yake ya kwanza ya vikapu ya wanawake mwaka 1982. Aprili 2024, miongo minne baadaye, zaidi ya Wamarekani milioni 18 walitazama kwenye televisheni fainali ya wasichana kati ya South Carolina na Iowa, idadi iliyoipita ile ya fainali ya wavulana mwaka huohuo. Hayo hayakuletwa na viumbe dhaifu. Aidha, sababu za maumbile, kama vile upana wa nyonga na mabadiliko ya homoni, si kisa kizima. Sehemu kubwa ni malezi. Mvulana husukumwa kunyanyua vyuma na kuruka tangu utotoni, ilhali msichana huambiwa kwamba misuli si pambo lake. Matokeo yake ni kwamba misuli ya mbele ya paja lake hupata nguvu kwa kukimbia, lakini ile ya nyuma, ambayo ndiyo msaidizi mkuu wa kano, hubaki nyuma. Hutua miguu ikiwa imenyooka, magoti yakisogeleana. Hakuna aliyemfundisha kutua.

Kumbe kutua hufundishika. Wataalamu wa FIFA walitayarisha mpango wa kupasha misuli moto uitwao 11+ kwa ajili ya soka: kukimbia polepole, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea mbele, na kuimarisha misuli ya nyuma ya paja. Huchukua dakika 20, na hauhitaji mashine wala chumba cha mazoezi. Ulipojaribiwa nchini Norway kwa wasichana wa soka wenye umri wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008, majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Tafiti nyingine zilizokusanya matokeo ya mazoezi ya aina hii katika michezo mbalimbali, vikapu vikiwamo, zimeonyesha kwamba hata kukatika kwa kano ya goti miongoni mwa wasichana kunaweza kupunguzwa kwa kiasi kama hicho. Sharti lake ni kwamba mazoezi hayo yafanywe kwa ukamilifu, wiki baada ya wiki, wala si siku ya mashindano pekee.

Basi nirudi kwenye sarufi yangu. Ikiwa dakika 20 zisizogharimu shilingi zinaweza kuyaokoa magoti mengi kiasi hicho, na mwalimu wa michezo anazijua lakini anazipitia juujuu kwa kuwa jua linazama na anataka watoto wapige mpira, mzazi wa msichana aliyekatika kano aambiwe nini? Aambiwe mwanawe ameumia?

Jambo la pili ni ukubwa wa kikosi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wachezaji watano hawamalizi msimu. Kocha asiye na akiba hulazimika kuwachosha wale alio nao, na mchezaji aliyechoka hutua vibaya, huchelewa kugeuka, huanguka. Kwa njia hiyo majeruhi mmoja huzaa wa pili, na wa pili huzaa wa tatu. Januari 2023 UConn, chuo kilichokuwa kimetwaa ubingwa mara 11, kilishindwa kufikisha wachezaji saba wenye ufadhili wa masomo ambao kanuni za ligi yake, Big East, zinawataka wawepo, na mchezo wake na DePaul ukaahirishwa. Mwaka mmoja baadaye yalikikuta makubwa zaidi Chuo Kikuu cha Texas Christian, TCU. Kilikuwa kimeanza msimu kwa kushinda michezo 14 mfululizo, lakini kufikia katikati ya Januari 2024 majeruhi walikuwa wengi mno hata kikaachilia michezo miwili, dhidi ya Kansas State na Iowa State, ihesabiwe kuwa imeshindwa. Tangazo likatolewa chuoni: mwanafunzi yeyote wa kike aliyewahi kucheza na ajitokeze ajaribiwe. Wanne walichukuliwa, wakavaa jezi, na timu ikarudi uwanjani.

Wapo waliokicheka TCU. Mimi nakisifu. Kocha wake, Mark Campbell, angeweza kuwapanga wasichana waliobaki, waliochoka na wenye maumivu, na kuwaambia wafe kishujaa. Badala yake chuo kilikubali aibu ya kushindwa michezo miwili bila kucheza ili kisiongeze idadi ya majeruhi. Waliobaki wakapata pumziko, na wengine wakapata nafasi ambayo hawakuitarajia. Msimu uliofuata, wa 2024-25, TCU kilitwaa ubingwa wa ligi ya Big 12 na kufika katika timu nane bora za taifa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Sisemi kwamba kuachilia michezo miwili ndiko kulikoleta ubingwa, maana wachezaji wapya hodari walijiunga nacho. Nasema tu kwamba aibu ile haikukiua.

UConn nao walijifunza faida ya akiba kwa njia ngumu. Msimu wa 2023-24, majeruhi walipokuwa wengi, kocha Geno Auriemma aliwategemea wasichana wa mwaka wa kwanza kama KK Arnold na Ashlynn Shade, naye Bueckers, ambaye kwa asili ni mwongoza mchezo, akahamishiwa karibu na kapu kupambana na wasichana warefu kumzidi. Walifika nusu fainali wakashindwa na Iowa kwa alama mbili tu, 71 kwa 69. Wale chipukizi waliotupwa majini kabla ya wakati wao walikuwa wameshajua kuogelea msimu uliofuata ulipowadia. Akiba haiozi. Lakini mwalimu asisahau kwamba akiba ni mchezaji anayepewa dakika za kucheza. Msichana anayebeba chupa za maji muhula mzima, kisha akaitwa ghafla siku ya fainali kwa kuwa mwenzake amebebwa kwa machela, hakuwekwa akiba. Amesahauliwa, na kisha amekumbukwa kwa shida.

Jambo la tatu ni subira, na hili ndilo linalotushinda zaidi. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Goti lililofanyiwa upasuaji huweza kuonekana zima baada ya miezi mitano. Uvimbe umekwisha, msichana anatembea bila kuchechemea, na yeye mwenyewe anaapa kwamba yuko tayari. Lakini utafiti uliofanywa Delaware na Oslo na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, kwa kila mwezi ambao mchezaji aliahirisha kurudi kwake mpaka ule wa tisa, hatari ya kuumia goti tena ilipungua kwa takriban nusu. Azzi Fudd alisubiri mwaka mzima. Aliumia Novemba 2023, akarudi Novemba 2024. Aprili 6, 2025, mjini Tampa, UConn walipoilaza South Carolina kwa alama 82 kwa 59 na kutwaa ubingwa wao wa 12, wa kwanza tangu 2016, Fudd alifunga alama 24 na kutangazwa mchezaji bora wa hatua hiyo ya mwisho. Bueckers, aliyekosa msimu mzima na kuusubiri ubingwa tangu aingie chuoni, alifunga 17. El Alfy, binti wa Misri, naye alikuwa katika kikosi hicho.

Subira hiyo haikutokana na hulka njema peke yake. Ilijengewa kanuni. Kanuni zilizotumika enzi za kina Bueckers zilimpa mwanafunzi miaka mitano ya kucheza misimu minne, na aliyeumia mapema katika msimu aliweza kuomba msimu huo usihesabiwe. Kwa hiyo hakuwa na sababu ya kujikokota uwanjani kwa mguu mmoja akihofia kwamba nafasi yake inapotea. Tangu Agosti 2024, vyuo vyote vya daraja la kwanza vya NCAA vimetakiwa kugharamia matibabu ya majeraha yatokanayo na michezo kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya mwanafunzi kumaliza. Mfumo wao una kasoro zake, na fedha zinazomiminika humo sasa zinaweza kuileta upya tamaa ya kuharakisha. Lakini angalau wamekubali kimaandishi kwamba msichana aliyevunjikia uwanjani kwa jina la chuo ni mzigo wa chuo.

Je, sisi? Mpango wa EduAfya, ulioanzishwa mwaka 2018 kuwapa bima ya afya wanafunzi wa shule za upili za umma, ulikoma mwishoni mwa 2023. Msichana wa shule ya upili anapokatika kano leo, mara nyingi ni mzazi anayeuza ng'ombe au kuitisha mchango. Na kwa kuwa upasuaji wa goti ni ghali, wengi hawafanyiwi. Hujifunza kuishi na goti linaloteleza. Hakuna orodha ya majeruhi itakayomtaja, wala shabiki atakayeuliza atarudi lini. Huyo ndiye ninayemfikiria ninaposoma habari za Watkins na Fudd.

Kabla sijafika kwenye ushauri, niseme neno na wanafunzi. Baada ya Mahakama Kuu kabisa ya Marekani kuyaruhusu majimbo, mwaka 2018, kuhalalisha kamari ya michezo, habari za nani ameumia ziligeuka bidhaa. Wachezaji na makocha wakawa wanaandamwa na wacheza kamari wanaotaka kujua hali ya goti fulani kabla ya wengine. Ili kupunguza shinikizo hilo, ligi ya vyuo ya SEC ilianza mwaka 2024 kuzitaka timu zake zitangaze hadharani hali ya wachezaji kabla ya michezo ya ligi. Siku ya mchezo wa vikapu, binadamu mzima hujumlishwa katika mojawapo ya hali tatu: yupo, itaamuliwa saa ya mchezo, au hayupo. Naielewa nia ya kanuni hiyo. Walakini, tazama jinsi lugha inavyomla mtu. Maumivu yake, hofu yake, mitihani aliyoikosa akiwa hospitalini, vyote hutoweka, na kinachobaki ni alama ya kukokotolea dau. Wanafunzi wetu wanaoweka dau kwa simu, wengine kwa fedha za karo, wamejifunza lugha hiyohiyo. Mwanangu, goti la msichana mwenzako si karata. Ukimtazama majeruhi ukaona nafasi ya faida tu, jua kwamba umepoteza kitu kikubwa kuliko hizo shilingi.

Sasa ushauri. Nchini kwetu mpira wa vikapu huchezwa katika michezo ya muhula wa kwanza. Wanafunzi hutoka likizoni miili ikiwa imelegea, na katika majuma machache wanatakiwa wapande kutoka hatua ya kaunti ndogo hadi taifa, wakicheza mchezo baada ya mchezo kwa siku chache, mara nyingi katika viwanja vya saruji visivyo na huruma kwa goti. Mazingira hayo hatuwezi kuyabadilisha kwa siku moja. Lakini yako manne tunayoweza kuyafanya bila kungoja bajeti ya wizara.

Kwanza, kila kipindi cha mazoezi kianze kwa dakika 20 za kuimarisha misuli na kujifunza kutua, na mwalimu asimame hapo akitazama magoti, asiwaachie wanafunzi wajiendeshee huku yeye akizungumza na simu. Asiyejua mazoezi hayo aombe msaada wa mwalimu mwenzake wa soka, maana mpango wa 11+ unajulikana.

Pili, kikosi kiwe na wachezaji kumi wanaoweza kucheza, na wacheze kweli. Mwalimu anayewatumia watano walewale kutoka dakika ya kwanza hadi ya mwisho, siku nne mfululizo, anajua anachokifanya, na hana haki ya kushangaa mmoja wao akianguka siku ya tano.

Tatu, aliyeumia asirudi uwanjani kwa idhini ya kocha, wala ya mwalimu mkuu, wala ya nahodha, wala yake mwenyewe. Msichana wa miaka 16 anayeitaka fainali atasema haumwi hata kama machozi yanamtoka. Kauli ya mwisho iwe ya mhudumu wa afya, iandikwe, na iheshimiwe hata na wakuu wa shule wanaoota kombe la kuweka ofisini.

Nne, kila shule iwe na daftari la majeraha. Liandikwe jina, tarehe, uwanja ulivyokuwa, dakika alizokuwa amecheza siku hiyo na siku zilizotangulia, kama misuli ilipashwa moto, na kama alikuwa na jeraha la zamani. Daftari hilo halihitaji kompyuta. Baada ya miaka miwili litatuambia tusiyoyajua: ni uwanja upi unaovunja watoto, ni hatua ipi ya mashindano inayowamaliza, ni shule ipi inayorudiarudia kosa lilelile.

Najua jibu litakalokuja. Wataniambia kwamba walimu wa michezo hawalipwi kwa saa hizo za jioni, kwamba wanafunza masomo mengine mchana kutwa, kwamba wazazi wenyewe wanataka ushindi. Yote hayo ni kweli, na mwalimu anayejitolea anastahili shukrani kabla ya lawama. Hata hivyo, dakika 20 ninazoziomba zimo ndani ya saa ambazo tayari anajitolea, na mzazi anayetaka kombe leo ndiye atakayekuja kesho akiuliza kwa nini binti yake anapanda ngazi za darasani akishikilia ukuta. Miongoni mwa mabinti hao wapo wanaoota ufadhili wa masomo katika vyuo hivihivi nilivyovitaja. Hakuna chuo kitakachomfadhili mchezaji ambaye goti lake liliharibiwa akiwa kidato cha pili.

Siku ya kulifungua daftari hilo, kwenye safu ya maelezo, mwalimu atalazimika kuchagua kitenzi. Pale alipofanya yote yaliyompasa na bado kano ikakatika, aandike bila woga kwamba mwanafunzi aliumia, maana mchezo una hatari zake na hakuna aliyeahidiwa usalama kamili. Pale asipofanya, aandike ukweli mwingine, ingawa ni mchungu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa msichana aliyekatika kano akiwa na miaka 16, ukuta huo huenda usijengeke tena.